Kikomo cha siku na kikomo cha umiliki: ukigawa samaki, hesabu inakwenda wapi?

#1 Mshipi_Mrefu

Wakuu, nafungua uzi huu kwa wanaovua kwa ndoana Marekani na Kanada wakiwa na leseni ya burudani. Kuna swali linarudi kila msimu: nikishagawa samaki wangu wa leo, naweza kurudi majini nikavue wengine? Jibu ni hapana, na wanaojibu "ndiyo" wanawapeleka wenzao kwenye faini.

Vikomo viko viwili, na kila kimoja kina daftari lake.

Kikomo cha siku kinahesabu samaki uliowatoa majini na kuwaweka tangu saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata. Kikomo cha umiliki kinahesabu samaki ulio nao sasa hivi, wa siku zote kwa pamoja: waliomo kwenye deli la barafu, waliotungwa kwenye kamba, waliobaki kwenye chumba cha wageni, waliopelekwa kwa anayekausha kwa moshi.

Daftari la kwanza halifutiki. Samaki wa 5 akishaandikwa ameandikwa, hata kama ameliwa palepale ufukweni au amepewa jirani wa kambi. Daftari la pili ndilo linalopanda na kushuka: ukila linashuka, ukigawa kwa utaratibu linashuka, ukivua linapanda. Watu wanachanganya kwa sababu wanaona la pili limeshuka wakadhani na la kwanza nalo limeshuka.

Chukueni trauti wa California, pale ambapo mto au ziwa halina kanuni yake maalumu: 5 kwa siku, 10 kwa umiliki. Ijumaa unavua 5, Jumamosi unavua 5. Jumapili asubuhi daftari la siku liko sifuri lakini la umiliki limejaa, kwa hiyo unaweza kuvua na kuachia tu. Kama Jumamosi usiku mlikaanga 3, Jumapili una nafasi ya 3. Wengi hapa husema 5, ni kosa. Kama Jumamosi usiku uligawa 5, Jumapili una nafasi ya 5. Lakini ukigawa hao 5 Jumamosi saa sita mchana, Jumamosi hiyo imeshafungwa. Huongezi hata mmoja.

#2 Kasia_Moja

Umeeleza vizuri mkuu. Naongeza jambo moja kabla watu hawajaikariri hiyo 5 na 10: umiliki mara mbili ya siku si sheria ya dunia nzima. Ontario, kikomo cha umiliki ni sawa na kikomo cha siku moja isipokuwa pale kanuni ilipoandika vinginevyo. Minnesota nako, kwa spishi nyingi, viwili hivyo ni namba moja.

Sehemu kama hizo safari ya siku tatu inabadilika kabisa. Siku ya kwanza ukijaza kikomo, siku ya pili huna nafasi hata ya samaki mmoja mpaka wale wa jana waliwe au wagawiwe. Anayepanga safari akidhani atarudi na samaki wa siku tatu anakuwa amevunja sheria tangu asubuhi ya pili, na mara nyingi hajui mpaka afungue deli mbele ya afisa.

Tena Ontario leseni yenyewe ni aina mbili: ile kamili ya michezo na ile ya uhifadhi ambayo vikomo vyake ni vya chini. Watu wawili kwenye boti moja, ziwa moja, spishi moja, wanaweza kuwa na namba tofauti. Angalieni leseni ya kila mtu, kisha kanda, kisha jina la ziwa lenyewe kwenye orodha ya maji yenye masharti ya pekee. Hilo la tatu ndilo linalorukwa.

#3 Bibi_Magamba

Mimi nazungumzia friza, maana ndiko samaki wengi wanakosahauliwa.

Ontario wanahesabu samaki popote alipo: mkononi, njiani, kwenye hifadhi ya baridi, popote. Queensland kule Australia nao friza la nyumbani linahesabiwa. British Columbia kwa maji baridi ni kinyume: kikomo cha umiliki kinakufuata ukiwa nje ya makazi yako ya kawaida, ukishafika nyumbani kinakuachia. Na neno ni makazi ya kawaida. Nyumba ya mapumziko kando ya ziwa au gari la kulala si makazi yako ya kawaida.

Alaska wana njia yao. Kikomo chao cha umiliki kinahusu samaki ambao hawajahifadhiwa. Samaki aliyehifadhiwa ni yule aliyeandaliwa kiasi cha kufaa kuliwa hata baada ya siku 15: aliyegandishwa kabisa, aliyewekwa kwenye kopo, aliyekaushwa ipasavyo. Aliyelazwa kwenye deli la barafu, hata barafu kavu, bila kuganda hajahifadhiwa. Aliyetiwa chumvi kidogo naye bado. Ndiyo maana kule kambi yenye friza inabadilisha hesabu yako na kambi yenye deli haibadilishi chochote.

California ukiwaambia habari hiyo hawaitambui: kanuni yao inataja samaki awe mbichi, aliyegandishwa au aliyehifadhiwa kwa namna nyingine yoyote, wote wanahesabiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "nikishagandisha haihesabiki," muulize yuko jimbo gani.

#4 Chambo_Hai

Asanteni wakuu. Swali: anayepokea naye anahesabiwa? Tuseme nampa mzee wa jirani ambaye hana leseni na havui kabisa.

#5 Mshipi_Mrefu

@Chambo_Hai anahesabiwa, na hapa ndipo zawadi inapomletea mtu matatizo.

Samaki akihama mkono, umiliki unahama naye. Kwa kawaida asiye na leseni anaruhusiwa kupokea, kwa sababu leseni ni ya kuvua, si ya kula. Ila kikomo cha umiliki kinamfunga kama kinavyokufunga wewe. Kama kikomo ni 10 na friza lake lina 8 waliotoka kwa mtu mwingine, ukimpa 5 umemweka kwenye 13. Katika sehemu zinazohesabu friza, mwenye kosa ni yeye. Kwa hiyo kabla ya kutoa, uliza maswali mawili: una samaki wa aina hii nyumbani, na wangapi? Mtu mwenye adabu hataona vibaya kuulizwa.

Halafu kuna ujanja ambao maafisa wanaujua vizuri: watu wanne kambini, mmoja ndiye anayevua, watatu wanaandikiwa samaki wake jioni. Aliyevua alishapita kikomo cha siku kabla zawadi ya kwanza haijatolewa, na karatasi haiwezi kurudi nyuma ikasafisha samaki wa 6. Zawadi halali inaanzia kwa samaki aliyevuliwa kihalali.

Kumvulia mtu mwingine kwa niaba yake ni jambo tofauti na lina utaratibu wake pale lilipo. Alaska wanaruhusu mkazi mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, asiyeona kisheria, au mwenye ulemavu wa mwili wa asilimia 70 au zaidi, avuliwe na mkazi mwenzake. Fomu inajazwa kabla ya kwenda majini na inabebwa. Huyo mzee wako, kama yuko sehemu yenye utaratibu huo, msaidie kwa njia hiyo.

#6 Karani_wa_Gati

Naleta upande wa karatasi.

Texas wana hati ya rasilimali ya wanyamapori, na fomu yake imo pamoja na leseni, lakini hata kipande cha karatasi ya kawaida kinafaa kikiwa na haya yote: jina, anwani, saini na nambari ya leseni ya aliyevua, jina la anayepokea, idadi na aina ya samaki, tarehe waliyovuliwa, na mahali walipovuliwa, yaani ziwa, ghuba au mto. Alaska nao wanataka maelezo ya maandishi yaliyosainiwa na aliyevua, yakisema nani katoa, nani kapokea, samaki gani, wangapi, lini na wapi.

Yanayoharibika huwa ni haya. Mtu anaandika "samaki 6" bila spishi. Afisa hawezi kujua ni kikomo kipi kinahusika. Mtu anaandika tarehe ya kutoa badala ya tarehe ya kuvua. Hapo hesabu ya siku haiwezi kufuatiliwa, na ikiwa msimu ulifungwa katikati inaonekana kama walivuliwa msimu umefungwa. Mtu anaandika karatasi moja kwa wapokeaji wawili, kisha samaki wanagawanywa na mmoja anaondoka bila chochote. Kila mpokeaji na karatasi yake.

Na karatasi iandikwe samaki wanapotoka mkononi mwako. Ukisema nitaituma kesho, mpokeaji anasafiri leo usiku na samaki ambao hawezi kueleza walikotoka. Andika kwa kalamu ya risasi au wino usiofutika, tia kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, uweke ndani ya deli juu ya samaki. Piga picha ya hati pia, ubaki na nakala yako. Hiyo nakala ndiyo inayoonyesha kwa nini daftari lako la umiliki lilishuka.

Jambo dogo lakini muhimu: Washington, ukiweka samoni, halibuti au sturjoni unaandika papo hapo kwenye kadi yako ya kumbukumbu ya mavuno. Ukimgawa baadaye, mstari wa kadi haufutwi. Kadi inasema ulichovua. Hati ya zawadi inasema kilikokwenda. Afisa anasoma zote mbili pamoja.

#7 Kasia_Moja

Na boti je? Naona watu wengi wanatia samaki wote deli moja wakidhani mwisho wa siku watagawana sawa.

California baharini wana kikomo cha boti: walioruhusiwa kuvua wanaweza kuendelea mpaka jumla ya vikomo vyao vyote kwa samaki wa mapezi itimie. Texas nako, kwenye safari ya kuongozwa, jumla ni idadi ya walio na haki ya kuvua mara kikomo cha siku, na mwongozaji na msaidizi wake wanatolewa kwenye hesabu hiyo. Hilo la kumtoa mwongozaji linasahauliwa sana: abiria 4 na mwongozaji 1 ni vikomo 4.

Pasipo na ruhusa ya namna hiyo, kila samaki ana mwenyewe tangu anapotoka majini. Njia rahisi ni vifungo vya plastiki vya rangi: kila mtu rangi yake, kinapita kwenye taya la chini mara samaki anapoamuliwa kuwekwa. Afisa akipanda anahesabu rangi, dakika mbili mmemaliza. Kukata pezi kama alama sikushauri. Sehemu zenye samoni wa kutotoleshwa (waliozalishwa vituoni kisha wakaachiwa majini), pezi la mafuta lililokatwa, yaani lile dogo lililo kati ya pezi la mgongo na mkia, lina maana yake rasmi na utaleta utata usiohitajika.

Vilevile msibadilishane samaki tangini. Mtu ana wadogo 5 wako hai kwenye tangi la boti, anapata mkubwa, anamwachia mdogo mmoja. Sehemu nyingi samaki akishawekwa anahesabiwa hata ukimwachia baadaye. Minnesota ukishatimiza kikomo, kubadilisha hakuna kabisa. Ontario, asiyeachiwa mara moja anaingia kwenye kikomo, ila kuna ruhusa finyu kwa spishi chache zilizoko kwenye tangi lenye mashine ya hewa, na tangi likiwa na idadi isiyozidi kikomo.

#8 Kisu_Chembamba

Sasa minofu, eneo ambalo mtu mwaminifu kabisa anaweza kukamatwa kwa sababu ya kisu chake tu.

Afisa lazima aweze kujua mambo mawili kwa kuangalia: ni spishi gani na ni wangapi. Ukiondoa ngozi yote, la kwanza limepotea. Ukikata mnofu vipande vinne, la pili limepotea. Hesabu ya kawaida ni minofu miwili kwa samaki mmoja. Ukikata kila upande mara mbili, samaki 5 wanaonekana 10.

Minnesota wanataka kiraka cha ngozi chenye magamba cha inchi 1 mraba kibaki kwenye kila mnofu, na kisitoke tumboni. Sababu yake ni kwamba tumboni rangi na michoro ya spishi nyingi hufanana, ubavuni ndiko utambulisho ulipo. Ontario nao wanataka ufungashaji unaoruhusu spishi na idadi kutambuliwa wakati wowote.

Kufunga kwenyewe: laza minofu bapa, miwili ya samaki mmoja pamoja, ngozi upande mmoja, weka karatasi ya plastiki kati ya jozi na jozi. Usizidishe jozi tatu kwa mfuko. Toa hewa, andika juu ya mfuko: jina lako, spishi, idadi ya samaki (si idadi ya minofu), maji, tarehe ya kuvua. Gandisha mifuko ikiwa imelala, isibebane mpaka iwe imeganda. Kosa kubwa ni kutupa minofu yote kwenye chombo kimoja ikagandia bonge. Bonge halihesabiki bila kuyeyushwa, na hakuna anayetaka kuyeyusha kilo 6 za samaki kando ya barabara.

Na pale penye kipimo cha urefu, usipasue majini wala kwenye gati mpaka safari iishe na uwe umeruhusiwa. Samaki aliyekatwa kichwa na mkia hapimiki tena, na wajibu wa kuthibitisha urefu utakuangukia wewe.

#9 Chambo_Hai

Wakuu, na yule anayesema "nipe samaki, mimi nitalipa mafuta ya boti"?

#10 Karani_wa_Gati

Hiyo si zawadi tena mkuu. Samaki wa leseni ya burudani hauzwi, na kubadilishana kwa kitu au huduma kunaingia humohumo. Mafuta ya boti kwa samaki, matengenezo ya injini kwa samaki, usiku wa malazi kwa samaki, yote ni biashara. Wenzako mnaovua pamoja kuchangia gharama za safari ni sawa kwa sababu kila mmoja anarudi na aliovua mwenyewe. Tofauti iko hapo: pesa zinalipia safari, hazilipii samaki.

Kuwapelekea wanaolisha wahitaji, pigeni simu kwanza. Wengi wao hawapokei nyama au samaki walioandaliwa jikoni kwa mtu binafsi, kwa sababu hawawezi kuthibitisha usafi na baridi. Ukifika na deli lililojaa ukakataliwa, umiliki bado ni wako na jua linawaka. Kuwaacha waoze nako ni kosa lake, sehemu nyingi kupoteza samaki anayeliwa kunaadhibiwa.

#11 Mshipi_Mrefu

Kuhusu kuvuka mpaka wa jimbo, jambo hili ni zito kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Lacey ilianza mwaka 1900 na ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1981. Inafanya kuwa kosa la serikali kuu kusafirisha kati ya majimbo samaki aliyevuliwa au kumilikiwa kinyume cha sheria ya jimbo alikotoka. Yaani samaki mmoja wa ziada ambaye ziwani angekuletea faini ya jimbo, akipita mpaka anaingia ngazi nyingine. Na zawadi haimwokoi: ukimpa mtu samaki wa ziada akavuka naye akijua, wote wawili mmo.

Kabla ya kusafiri, bandikeni nje ya deli idadi na spishi, majina ya wenye samaki, na mkiwa zaidi ya mmoja onyesheni nani ana wangapi. Ndani kila mtu mfuko wake na hati yake. Leseni iliyokwisha muda jana usiitupe, ndiyo inayoeleza samaki wa juzi.

#12 Bibi_Magamba

Ngoja niseme na upande wa mlaji, maana zawadi mbaya ya samaki ni hatari kwa anayempokea.

Toeni matumbo na matamvua mapema, osheni damu ya kwenye uti wa mgongo, barafu iwe nyingi kama samaki wenyewe kwa uzito, na deli liwe na tundu la kutoa maji. Samaki akilala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka nyama inalainika na harufu inaanza. Mpaka afike kwa mpokeaji asipande zaidi ya nyuzi 4 za Selsiasi. Kama humwoni mpokeaji ndani ya siku moja au mbili, gandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri na umpe akiwa ameganda. Samaki wa mafuta kama samoni hupoteza ladha baada ya miezi miwili au mitatu. Mweupe asiye na mafuta anavumilia zaidi.

Kama mpokeaji anapenda kula mbichi, mwambie wazi kwamba friza la kawaida halitoshi mpaka lithibitishwe kwa kipimajoto: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ndicho kipimo cha kuua minyoo.

Na mwambieni maji alikotoka. Hati ya zawadi inataja ziwa kwa ajili ya afisa, lakini mpokeaji naye anahitaji jina hilo hilo. Maziwa mengi yana ushauri wa ulaji kwa sababu ya zebaki, na namba zake zinatofautiana kwa spishi na kwa urefu wa samaki: mkubwa aliyeishi miaka mingi ana zaidi. Ontario wanachapisha mwongozo wa ulaji wa samaki wao, ziwa kwa ziwa, na safu ya wajawazito na watoto iko peke yake. Ukimpa mama mjamzito samaki mkubwa mla samaki bila kumwambia alikotoka, umemnyima nafasi ya kuangalia.

#13 Chambo_Hai

Nimeelewa. Basi kwa yule mzee: nimuulize ana wangapi, nimpe wawili waliogandishwa wakiwa na kiraka cha ngozi, karatasi yenye spishi na tarehe ya kuvua, na daftari langu la siku liendelee kusoma 5.

#14 Mshipi_Mrefu

Hivyo hivyo mkuu. Na nambari ya leseni yako kwenye karatasi, usiisahau.